Chuo kidogo cha binafsi Marekani: kusoma barua ya msaada na kupima kama chuo kinamfaa mtoto

Barua za kukubaliwa huanza kufika Machi, na vyuo vingi hutaka jibu kufikia Mei 1. Katikati hapo kuna wiki chache tu za kuamua jambo ambalo gharama yake huweza kuwasumbua wazazi hadi uzeeni. Mwongozo huu ni wa familia zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani, wawe Wakongo wa Lexington au Portland, Wakenya wa Minneapolis, au Warundi na Watanzania waliotawanyika majimbo mengine, ambao mtoto wao anaelekea chuo kidogo cha binafsi. Tunasema chuo chenye wanafunzi elfu moja hadi elfu tatu hivi, kisicho cha serikali, ambacho kazi yake kubwa ni kufundisha shahada ya kwanza.

Vyuo hivi wengine huvikimbia kwa sababu ya bei, na wengine huvutwa na karatasi yenye neno "scholarship" kwa herufi kubwa. Yote mawili hupotosha. Yanayopaswa kupimwa ni haya: familia italipa kiasi gani mpaka mtoto amalize, na kama hapo ni mahali ambapo mtoto huyu atamaliza. Deni la shahada iliyokamilika hulipika polepole. Deni la miaka miwili bila shahada ndilo linaloumiza nyumba.

Bei ya tangazo si bei yenu

Vyuo vya binafsi hutangaza bei moja na kupokea nyingine. Kwa wastani huwapunguzia wanafunzi wa mwaka wa kwanza zaidi ya nusu ya ada. Kwa hiyo msikifute chuo kwenye orodha kwa kuwa kimeandika dola 75,000 kwa mwaka, wala msikikimbilie kingine kwa kuwa kimeandika 45,000.

Anzeni na kikokotoo cha gharama (net price calculator). Sheria inakitaka kila chuo kinachopokea misaada ya serikali kuu kukiweka kwenye tovuti yake. Kikokotoo kinachouliza maswali matano tu hukosea sana. Kinachouliza kodi, akiba na nyumba hukaribia ukweli. Kisha fungueni College Navigator, tovuti ya Wizara ya Elimu, mtafute wastani wa gharama halisi kwa kundi la mapato: hadi 30,000, 30,001 hadi 48,000, 48,001 hadi 75,000, 75,001 hadi 110,000, na zaidi ya hapo. Someni mstari wa kundi lenu. Wastani wa wanafunzi wote hauwahusu.

Mtagundua vyuo havifanani hata kidogo. Vichache vyenye akiba kubwa, kama Amherst, Bowdoin, Williams, Pomona, Grinnell na Macalester, huahidi kuziba hitaji lote la mwanafunzi waliyemkubali, yaani tofauti kati ya gharama na kiasi ambacho familia inahesabiwa kuweza kulipa. Grinnell iliondoa mikopo kwenye msaada wake mwaka 2021, na Williams mwaka 2022. Vingi kati ya hivi ni vigumu kuingia, lakini mtoto mwenye alama za juu kutoka familia ya kipato kidogo akiomba huku tu na kuacha chuo cha jirani chenye bei ya chini, au akifanya kinyume chake, anajinyima nafasi. Aombe kote. Kundi la pili, ambalo ndilo kubwa, hutoa udhamini wa alama kwa karibu kila mtu na kuacha pengo. Kisha kuna vyuo vya peke yake kama Berea, kusini mwa Lexington, Kentucky, ambacho hakijamtoza mwanafunzi ada tangu 1892. Kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki.

Kujua chuo kiko kundi gani, andikeni kwenye mtandao jina lake pamoja na maneno Common Data Set. Hiyo ni ripoti ya takwimu za chuo, na sehemu H huonyesha asilimia ya hitaji linalozibwa kwa wastani. Chuo kinachoziba asilimia 70 kitawaachia pengo hata mtoto akiwa hodari.

FAFSA: nani ni mzazi, na majina yanaandikwaje

FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, kwa kawaida hufunguliwa Oktoba 1. Anayestahili si raia peke yake: mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, yaani grini kadi, na mwenye I-94 inayoonyesha ukimbizi au kwamba amekubaliwa hifadhi, wote wanastahili. Ambaye ombi lake la hifadhi bado linasubiri hastahili FAFSA, na vyuo humweka pamoja na wanafunzi wa ndani au wa kigeni kila kimoja kwa taratibu zake. Mwulizeni ofisa wa udahili kabla ya kuomba. Amherst na Bowdoin, kwa mfano, vinapoamua nani akubaliwe haviangalii uwezo wa kulipa wa mwombaji yeyote, raia au mgeni.

Fomu nyingi za familia zetu hukwama mahali pale pale. Jina la kwanza na la ukoo hugeuzwa: kadi ya Social Security inasema hivi, cheti cha shule kinasema vile. Andikeni kama ilivyo kwenye kadi ya Social Security, hata kama imekosewa, kwa sababu mfumo hulinganisha na kumbukumbu za huko. Tarehe ya kuzaliwa ni hivyo hivyo. Wakimbizi wengi waliandikishwa Januari 1 kambini. Kama hiyo ndiyo iliyo kwenye kadi, ndiyo ya kuandika. Namba ya A, yaani ya uhamiaji, ikikosewa tarakimu moja, faili husubiri uhakiki wa uhamiaji wiki kadhaa.

Mzazi asiye na namba ya Social Security anaweza kufungua akaunti yake kwenye StudentAid.gov. Lazima aifungue mwenyewe, na akubali taarifa za kodi zichukuliwe. Asipokubali, mtoto hapati msaada wowote wa serikali kuu. Kodi inayotazamwa ni ya miaka miwili nyuma: anayeanza chuo vuli ya 2027 hutazamwa kodi ya 2025.

Halafu swali la mjomba. Watoto wengi tunaowajua wanalelewa na mjomba, shangazi au dada mkubwa. Kwa FAFSA, mjomba si mzazi, hata kama amemlea miaka kumi, na mapato yake hayaandikwi. Lakini kama mahakama ilimpa ulezi wa kisheria, au mtoto alikuwa yatima wa baba na mama wakati wowote tangu atimize miaka 13, basi huhesabiwa kuwa anajitegemea, na msaada wake huongezeka sana. Barua ya kanisa au ya shule haitoshi kuthibitisha ulezi. Inatakiwa hati ya mahakama. Na kama mtoto ni mkimbizi aliyetenganishwa na wazazi, wazazi wakiwa Uvira au kambini au hawajulikani walipo, sheria inautaja ukimbizi waziwazi kati ya mazingira yasiyo ya kawaida. Ajibu ndiyo kwenye swali la FAFSA kuhusu mazingira hayo, kisha apeleke ushahidi kwenye ofisi ya msaada ya kila chuo, kwani kila chuo huamua chenyewe.

Kiwanja au nyumba ya kupangisha huko nyumbani ni mali, na fomu ikiuliza mali itajwe. Habari njema ni kwamba familia iliyopokea SNAP (msaada wa chakula) au Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa kipato kidogo), na nyingi zenye mapato chini ya 60,000 na kodi isiyo na mambo mengi, hazitakiwi kujaza sehemu ya mali kabisa.

Baadhi ya vyuo hutaka pia fomu nyingine ya msaada, CSS Profile. Hii ni ya bure kwa familia zenye mapato hadi 100,000, na huuliza mengi zaidi, pamoja na mzazi asiyeishi na mtoto. Ina sehemu ya kueleza hali maalumu, na hapo ndipo pa kuandika fedha mnazotuma nyumbani kila mwezi. FAFSA haina mahali pa kusema kwamba bibi anatunzwa kwa dola 250 kwa mwezi; CSS inapo. Andikeni kiasi, mnamtumia nani na tangu lini, na wekeni risiti za kutuma.

Onyo moja kuhusu kuomba mapema kwa ahadi ya kujifunga (Early Decision). Ukikubaliwa umekubali, na hutaona barua za vyuo vingine. Chuo hukuachia tu kama msaada hautoshi. Njia hiyo inafaa pale ambapo chuo huziba hitaji lote na kikokotoo chake mmekijaza kwa uangalifu.

Kuisoma barua mstari kwa mstari

Barua hizi hazina sura moja. Chukueni karatasi, mchore mstari katikati. Kushoto wekeni fedha zisizorudishwa, kulia kila kitu kingine. Huu hapa mfano wa barua ambayo huonekana nzuri:

Gharama: ada na michango 54,600, chumba na chakula 13,800, vitabu, nauli na matumizi 3,000. Jumla 71,400.
Msaada: udhamini wa chuo 37,000, ruzuku ya Pell 7,395, mkopo wenye unafuu wa riba 3,500, mkopo usio na unafuu 2,000, kazi ya chuoni 2,500, mkopo wa PLUS wa wazazi 19,005. Jumla 71,400. Salio: 0.

Sifuri hiyo haina ukweli ndani yake. Kushoto mwa mstari kuna vitu viwili tu, udhamini na Pell (ruzuku ya serikali kuu kwa familia za kipato kidogo), jumla 44,395. Gharama halisi ya mwaka ni 27,005. Mikopo miwili ya mwanafunzi ni deni lake. PLUS ni deni la mzazi, kwa jina la mzazi, na haliwezi kuhamishiwa mtoto baadaye. Kukatwa ada ya kuchukua mkopo ya zaidi ya asilimia 4 kabla hata fedha hazijafika chuoni ni sehemu ya mkataba. Kazi ya chuoni nayo haipunguzi bili ya Agosti. Ni mshahara unaolipwa kidogo kidogo mtoto akishafanya kazi, na hutosha sabuni, simu na vitabu.

Kuna jingine. Kwa wakopaji wapya tangu Julai 1, 2026, PLUS ina kikomo cha dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja kwa jumla. Kwa mfano wetu, miaka mitatu hula 57,015. Mwaka wa nne, mtoto akiwa karibu kumaliza, zimebaki 7,985 tu za kukopa. Watakaokosa hesabu hii leo watajikuta kwenye mikopo ya benki yenye mdhamini, na mdhamini atakuwa rafiki au ndugu.

Sasa barua ya pili, ya chuo chenye bei kubwa zaidi: gharama 78,900, ruzuku ya chuo 66,900, Pell 7,395, kazi 2,600, salio 2,005. Barua hii inaonyesha deni la 2,005 pale ambapo ile ya kwanza ilionyesha sifuri, na baadhi ya wazazi huikataa kwa sababu hiyo. Gharama yake halisi ni 4,605 kwa mwaka.

Maneno ya Kiingereza ya kuangalia ni machache. "Grant" na "scholarship" huenda kushoto. "Loan" huenda kulia, na wakati mwingine huandikwa L tu, au "Unsub" bila neno mkopo kabisa. Pale barua isipotaja gharama zote, na zipo zinazotaja ada peke yake, pigeni simu mwulize jumla ya gharama za kuhudhuria kwa mwaka, pamoja na bima ya afya. Bima ya chuo huweza kuzidi dola 2,000, na huondolewa ukithibitisha unayo nyingine, ila Medicaid ya jimbo lenu huenda isikubaliwe chuo kikiwa jimbo jingine.

Miaka minne, si mmoja

Gharama hupanda kila mwaka. Udhamini wa kiasi maalumu hubaki pale pale. Tufanye barua ya kwanza, gharama zikipanda asilimia 4 na udhamini na Pell zikisimama: mwaka wa kwanza 27,005, wa pili 29,861, wa tatu 32,831, wa nne 35,920. Jumla 125,617. Aliyezidisha mwaka wa kwanza kwa nne alipata 108,020, na atapungukiwa 17,597. Swali la kuuliza ofisi ya msaada ni hili: ruzuku yenu hupanda ada ikipanda?

Ulizeni pia masharti ya kubakiza udhamini. Wastani wa alama wa 3.0 unasikika mdogo kwa mtoto aliyekuwa wa kwanza sekondari, lakini muhula wa kwanza wa kemia na hesabu huwashusha wengi. Ulizeni ni asilimia ngapi ya waliopewa udhamini huu huupoteza, na kama mtu akiupoteza anaweza kuurudisha. Chuo kinachojua takwimu zake hujibu siku hiyo hiyo.

Mtoto akipata udhamini wa nje, wa kanisa au wa taasisi, baadhi ya vyuo hupunguza ruzuku yao kwa kiasi kile kile, na familia haipati kitu. Vingine huanza kupunguza mkopo na kazi. Ulizeni utaratibu kwa maandishi. Ruzuku za jimbo nazo, kama ile ya Minnesota au ya Kentucky kwa vyuo vya binafsi, kwa kawaida hutumika ndani ya jimbo tu, kwa hiyo chuo cha ng'ambo ya mpaka huanza na upungufu.

Kiasi ambacho mwanafunzi anayehesabiwa kuwategemea wazazi anaweza kukopa mwenyewe serikali kuu kwa miaka minne ni 27,000 (5,500, 6,500, kisha 7,500 mara mbili). Hicho tunakichukulia kama ukuta. Chuo kinachohitaji zaidi ya hapo kutoka kwa familia isiyo na akiba hakiwezekani, hata kama mandhari yake inapendeza na watu wake wana moyo mzuri. Wekeni pia chuo kikuu cha jimbo kwenye jedwali lile lile, ili mjue ziada mnayolipa inanunua nini.

Je, kinamfaa huyu mtoto?

Udogo wa chuo una faida ya kweli: profesa anayemjua mtoto kwa jina ataandika barua ya maana akiomba udaktari au kazi. Una hasara pia. Vyuo vingi vya aina hii havina uuguzi, wala uhandisi, wala uhasibu. Ahadi ya miaka mitatu hapa kisha miwili ya uhandisi kwenye chuo kikubwa ipo, lakini msaada wa fedha mara nyingi haumfuati mwanafunzi huko, na wengi hawavuki.

Fungueni orodha ya masomo ya muhula huu, si ya kitabu cha matangazo. Hesabuni walimu wa kudumu wa idara anayoitaka. Idara yenye walimu wawili, mmoja akienda likizo ya utafiti, somo la lazima linaweza kusubiri mwaka mzima na mtoto akalipa muhula wa tisa. Kisha angalieni College Navigator: asilimia ya wanaorudi mwaka wa pili, na wanaomaliza ndani ya miaka sita. Chuo ambacho mmoja kati ya wanne haonekani tena mwaka wa pili kina jambo, na jambo hilo mara nyingi ni fedha au upweke.

Mtoto akatembelee. Vyuo kadhaa huwalipia nauli wanafunzi wa kipato kidogo waliokubaliwa. Aombe, aulize tu. Akiwa huko, alale bwenini, ale kwenye bwalo siku ya kawaida, akae kwenye darasa la somo analolitaka. Wanafunzi wa Kiafrika awatafute mwenyewe pasipo kusubiri ratiba ya wageni, awaulize: mabweni hufungwa Desemba? Nani anabaki, na analipa? Duka la karibu liko wapi kwa asiye na gari? Kuna msikiti au kanisa la kufikika? Chakula halali kipo kila siku au kwa kuomba? Nani husaidia kuandika insha, na hufungua saa ngapi? Swali la mabweni kufungwa ndilo familia husahau zaidi, nalo hugeuka nauli ya ndege ya ghafla wiki ya mitihani.

Chuo kisichaguliwe kuwa mbali au karibu kwa mazoea tu. Kwa familia ya Lewiston, Maine, chuo cha Bates kiko mtaani kwao, na mtoto anaweza bado kuishi bwenini na kuwa na maisha yake. Lakini zungumzeni mapema kuhusu wadogo zake na tafsiri za hospitali. Mtoto anayerudishwa nyumbani kila wiki kumtafsiria mama hawezi kupata alama za kubakiza udhamini.

Chuo chenyewe kitakuwepo?

Vyuo vidogo hufungwa. Birmingham-Southern huko Alabama na Wells huko New York vilifungwa mwaka 2024, na University of the Arts ya Philadelphia ilifungwa Juni mwaka huo huo, siku chache tu baada ya kutangaza. Wizara ya Elimu hutoa alama ya uwezo wa kifedha wa kila chuo cha binafsi, kuanzia -1 hadi 3. Chini ya 1.5 ni dalili ya shida. Tazameni pia idadi ya wanafunzi kwa miaka mitano. Ikishuka kila mwaka huku udhamini ukizidi kuwa mnono, chuo kinavuta watu kwa fedha kisizokuwa nazo.

Kuomba waongeze

Kabla ya kulipa amana ya kushika nafasi, mna haki ya kuomba barua iangaliwe upya. Ofisi ya msaada ina mamlaka ya kisheria kurekebisha hesabu za familia hali ikibadilika, lakini hairekebishi kwa malalamiko ya jumla. Barua iwe ukurasa mmoja, itoke kwa mwanafunzi, mzazi aongeze sahihi. Aya ya kwanza ishukuru na kusema chuo hiki ni chaguo la kwanza, kama ni kweli. Ya pili itaje kilichobadilika: baba alikuwa na saa za ziada ghalani 2025 na zimeisha, mama amepunguziwa zamu, kuna bili ya hospitali, wazazi wazee Bukavu wanategemea kiasi hiki kila mwezi. Ya tatu itaje namba: familia inaweza 6,000 kwa mwaka, pengo ni 9,400. Bila namba hawajui wafanye nini. Ambatisheni hati za mishahara ya karibuni, barua ya mwajiri na risiti. Barua ya chuo kingine cha aina hiyo hiyo iwekwe pia kama ina ruzuku kubwa. Ya chuo kikuu cha jimbo haisaidii sana.

Pelekeni mwanzoni mwa Aprili. Baada ya wiki moja pigeni simu, na jina la mliyezungumza naye liandikwe. Muda ukikaribia kwisha bila jibu, ombeni kwa barua pepe kuongezewa siku za kulipa amana, wengi hukubali.

Baada ya kuchagua

Amana ilipwe chuo kimoja, na vingine viambiwe hapana ili nafasi ipatiwe mwingine. Mikopo haiji yenyewe: mtoto akubali kiasi anachokihitaji tu kwenye tovuti ya chuo, akatae kilichobaki. Fomu ya kuondoa bima ya chuo mara nyingi hufungwa Agosti au Septemba, na ukichelewa unalipa mwaka mzima. Barua ya msaada na barua pepe zote za masharti zihifadhiwe kwenye faili moja, kwa sababu FAFSA hujazwa upya kila Oktoba, na mwaka wa pili ruzuku ikipungua bila maelezo, karatasi hizo ndizo mtakazoweka mezani.